Mashine ya Gesi Ikiwekwa Ndani ya Nyumba

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu, katika bwalo la shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani na wa sasa, ndugu wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkiomba kimoyomoyo mzungumzaji asicheleweshe chakula:

Katibu wa chama aliponiandikia barua alinitaka niseme habari za maendeleo ya nishati nchini. Nilimjibu kwamba maendeleo yatasemwa na wengine wenye sauti nzuri kuliko yangu. Kazi yangu serikalini, kwa miaka karibu 18 sasa, ni kukagua mitambo, na mkaguzi huzungumza vizuri zaidi juu ya kitu alichokishika kwa mkono. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu: mashine ya kushindilia gesi, pale inapowekwa ndani ya nyumba. Najua haliwi somo la kuchangamsha. Lakini nina deni katika jambo hili, nalo nitalieleza mbele yenu kabla sijakaa.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na ile ya Songo Songo ikaanza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Leo hii mkisimama barabarani katika jiji hilo mtaona bajaji na magari yanayotembea kwa gesi hiyo. Ila gesi ni kitu kilichotawanyika mno. Ukijaza tangi la bajaji kwa gesi kama inavyotoka katika bomba la kawaida, bajaji haitafika kilomita moja. Hapana budi ishindiliwe ndani ya mtungi mpaka presha yake ifike kama mara 200 ya presha ya hewa tunayovuta. Kazi hiyo hufanywa na mashine yenye pistoni, inayoibana gesi kwa hatua, mara tatu au nne, huku ikipozwa kila baada ya hatua.

Mashine ya namna hii haikosi kuvuja. Nasema hivi makusudi, kwa sababu wenye mashine hunikasirikia ninapowaambia. Mahali ambapo fimbo ya pistoni hupita hufungwa kwa pakingi, na pakingi husuguliwa kila dakika maelfu hata ilike. Mtikisiko wa mashine nao hulegeza maungio ya mabomba. Mwenye busara hategemei kwamba hakuna kitakachovuja. Hujiuliza kikivuja kitakwenda wapi.

Nje ya nyumba jibu ni rahisi. Gesi asilia karibu yote ni methani, na uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa hewa. Ikitoka hupanda, hupeperushwa, na hasara ni ya mwenye gesi. Kwa sababu hiyo shauri la kwanza katika kanuni zote ninazozifahamu ni kwamba mashine hii ikae nje, chini ya paa tu au ndani ya uzio, mbali na majengo na mbali na njia ya watu. Lakini mjini kiwanja ni kidogo, majirani hawataki kelele, na mwenye mali anaogopa mvua na wezi. Basi anaijengea nyumba. Na nyumba ikishajengwa, gesi ile ile iliyokuwa ikipotea angani inakusanyika chini ya dari.

Vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, fuateni hesabu hii. Methani huwaka inapokuwa kati ya sehemu 5 na 15 katika kila sehemu 100 za hewa. Chini ya 5 ni chache mno. Juu ya 15 hewa haitoshi, ingawa hilo lisimfurahishe mtu, maana mlango ukifunguliwa hewa inaingia na mchanganyiko unarudi pale pale pabaya. Sasa chukueni darasa lenu, tuseme urefu meta 8, upana meta 7, kwenda juu meta 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 168. Toboeni bomba lenye presha ya mara 200 kwa tundu la milimeta moja, yaani kama unene wa ncha ya penseli iliyotumika. Kwa hesabu niliyoipiga mwenyewe, tundu hilo litatoa kama meta 2 za ujazo za gesi kila dakika. Milango na madirisha yakiwa yamefungwa, darasa zima litafikia sehemu 5 katika 100 kwa dakika 4 na kitu. Na huko juu darini litafika mapema zaidi.

Mtu atasema, wekeni feni. Vema. Tuseme feni inabadilisha hewa yote ya chumba mara 5 kwa saa, kiwango ambacho si kigeni katika kanuni za vyumba vya aina hii. Nilipiga hesabu tena: kiwango kile cha hatari kitafikiwa baada ya kama dakika 5 na nusu. Feni yetu imetununulia dakika moja na kidogo. Nilipoiona mara ya kwanza hesabu hiyo niliirudia usiku, nikidhani nimekosea mahali. Sikukosea. Feni na matundu ya hewa hufaa sana kwa ule mvujo mdogo wa kila siku, wa pakingi na maungio. Kwa bomba lililopasuka havitoshi peke yake. Ndiyo sababu masharti huja mengi kwa pamoja, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na mwenye mashine anayesema, “Hili sina, lakini lile ninalo.”

Kinachotakiwa ni vigunduzi vya gesi vilivyowekwa juu, karibu na dari na juu ya mashine yenyewe, ambavyo hupiga king'ora gesi ikiwa bado kidogo sana. Aghalabu ni sehemu ya tano ya kile kiwango cha kuwaka, yaani sehemu 1 katika 100 za hewa. Ikizidi hapo, mashine izimike yenyewe na valvu iliyo nje ya nyumba ifunge gesi isiendelee kuingia, bila kumngoja mtu aliyekwenda kunywa chai. Feni nayo ifungamanishwe na mashine: feni ikisimama, mashine isikubali kuwaka. Valvu za usalama, zile zinazofunguka presha inapozidi, zipeleke gesi nje juu ya paa kwa bomba lake. Nimeona moja iliyokuwa ikipumulia ndani ya chumba kile kile. Fundi aliyeifunga alikuwa amefuata mchoro vizuri kabisa, isipokuwa mchoro wenyewe ulikuwa wa mashine ya kuwekwa nje.

Tena paa. Watu wengi hufikiri nyumba ya mashine ya hatari ijengwe imara kama benki. Mchanganyiko wa methani na hewa ukilipuka ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, presha hupanda hadi kama mara 8 ya ile ya mwanzo, na ukuta wa kawaida wa matofali huanguka mapema sana kabla ya kufika huko. Ukiujenga mnene zaidi umeongeza tu ukubwa wa mawe yatakayorushwa. Yafaa sehemu moja ya nyumba, aghalabu paa au ukuta unaotazama mahali pasipopita watu, iwe nyepesi kwa makusudi, ing'oke mapema na kuutoa mlipuko nje, ili kuta zilizobaki zisimame. Ofisi, stoo na chumba cha mlinzi visigusane nayo. Mlango ufunguke kwa kwenda nje.

Wale tuliosoma hapa miaka ya 1990 tutakumbuka siku mwalimu wetu wa Kemia alipoweka wavu wa waya juu ya taa ya Bunsen, akafungua gesi, akawasha kiberiti juu ya wavu. Moto ukawaka juu. Chini ya wavu, gesi ikipita ile ile, hapakuwa na moto. Akatuambia kwamba waya hunyonya joto la mwali, na mwali uliopoa hauwezi kupita. Kwa jambo hilo hilo Humphry Davy wa Uingereza alitengeneza taa ya wachimba makaa mwaka 1815, kwa kuwa migodini nako methani iliwaua watu. Swichi na mota zinazoruhusiwa leo katika nyumba ya gesi, nyingi ni wajukuu wa taa ile. Huwa ndani ya kasha la chuma zito. Gesi yaweza kuingia na hata kulipuka humo ndani, lakini mwali ukitaka kutoka hupita katika mwanya mwembamba kati ya kifuniko na kasha, na hapo hupoa ukafa. Mwanya huo ni wa sehemu za milimeta. Fundi akipoteza boliti moja ya kifuniko na kuifunga kwa zilizobaki, kasha lile la gharama kubwa limekuwa boksi la kawaida. Mimi nikifika mahali huanza kwa kuhesabu boliti. Cheche inayoweza kuwasha methani ni ndogo mno, hata ile ya sweta la nailoni linapovuliwa yaweza kutosha.

Sasa deni langu.

Mwaka mmoja, katika mji ambao sitautaja, nilikwenda kukagua nyumba ya namna hii. Karatasi zote zilikuwepo. Cheti cha mota, cheti cha vigunduzi, mchoro wa matundu ya hewa juu ya kuta zote mbili. Niliingia, nikahesabu boliti, nikasikia joto kali, nikafikiri ni joto la mashine. Kigunduzi kilikuwa ukutani karibu na mlango, usawa wa kifua, taa yake ya kijani ikimeta. Nilipokuwa natoka, fundi kijana aliyeshika spana akaniuliza kwa adabu, “Samahani mzee, kile kidude si kingekaa juu? Gesi hii si hupanda?” Msimamizi wake akamwambia afanye kazi yake. Nami, ndugu zangu, sikumtetea. Nilikuwa na gari linalonisubiri na ukaguzi mwingine saa nane. Nikatia saini.

Swali lile lilikaa nami siku nne. Siku ya tano nilirudi bila kuitwa, na safari hii nilitazama juu. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa mbao nyembamba na magunia, kuta zote mbili. Mlinzi alinieleza bila kuficha: majirani walilalamikia kelele usiku, ndipo wakaziba, miezi mingi iliyopita. Kuhusu kigunduzi, walikihamishia chini kwa sababu kule juu kilikuwa kikilia mara kwa mara na kuzima mashine, na magari yakipanga foleni.

Fikirini maneno hayo. Kilikuwa kikilia kwa sababu gesi ilikuwepo.

Niliamuru mashine izimwe mchana ule ule. Simu nilizopigiwa jioni sitazisimulia. Mtumishi wa serikali yeyote aliyeketi hapa anazijua. Mashine ilikaa siku 9 bila kufanya kazi. Pakingi ilipofunguliwa ilikuwa imelika. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyepewa lawama, mimi nikiwemo, ingawa saini iliyokuwa kwenye faili ilikuwa yangu. Kijana yule nilimtafuta nikamwambia kwamba alikuwa sahihi. Aliniambia alilisoma jambo hilo Kidato cha Tatu.

Tangu wakati huo nimesoma sana habari za Piper Alpha. Hilo lilikuwa jukwaa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, lililoanza kutoa mafuta mwaka 1976. Baadaye liliongezewa mitambo ya kusafisha na kushindilia gesi, na chumba cha kushindilia gesi kikawa katikati ya vyumba vingine. Kuta zilizotenga vyumba hivyo ziliwekwa za kuzuia moto wa mafuta. Hazikuwa za kuhimili mlipuko. Tarehe 6 Julai 1988, mchana, mafundi waliondoa valvu ya usalama ya pampu moja ili ikatengenezwe, na mahali pake wakafunika kwa sahani ya chuma isiyokazwa sawasawa. Valvu ile ilikuwa juu, ndani ya chumba cha kushindilia, na pampu ilikuwa chini yake, hivyo aliyesimama penye pampu hakuweza kuona kwamba kuna kitu kimeondolewa. Usiku pampu ya pili ikazimika. Watu wa zamu mpya walikuwa na karatasi ya kazi nyingine iliyopangwa kwa pampu ile ya kwanza, ambayo ilikuwa haijaanza. Karatasi ya valvu hawakuwa nayo. Wakaiwasha. Ving'ora vya gesi vikalia katika chumba cha kuongozea mitambo, na karibu saa 4 usiku chumba kikalipuka. Ukuta ukavunjika, mabomba ya mafuta ya chumba cha pili yakakatika, moto ukashika, na kama dakika 20 baadaye bomba kubwa la gesi kutoka jukwaa jingine likapasuka. Pampu za dizeli za kuzimia moto zilikuwa zimeachwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono, ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini, na hapakuwa na aliyeweza kuzifikia. Watu 167 walikufa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa taarifa yake mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na yote yakakubaliwa.

Kila nikisoma habari ile nakumbuka sahani ya chuma kule juu na magunia yangu kule juu. Mabomba yaliyopasuka huandikwa magazetini. Vitu vilivyo juu ya kichwa, ambavyo mtu wa zamu iliyopita alivigusa kwa sababu iliyoonekana njema wakati ule, haviandikwi mpaka siku hiyo. Kwa hiyo siku hizi, katika fomu zangu, nimeongeza swali ambalo halikuwepo: nini kimebadilishwa tangu mara ya mwisho, na nani amekuambia? Wenye mitambo hulichukia kuliko maswali mengine yote.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Niruhusu jambo moja la hapa hapa.

Tangu serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, shule yetu imejenga jiko jipya la gesi, nasi wanachama tulichangia. Leo asubuhi nilimwomba Mwalimu Mkuu anipeleke nilione. Ni jiko zuri, na wapishi wamefurahi, macho yao hayatoi tena machozi. Lakini chumba cha mitungi kina matundu ya hewa juu tu, karibu na dari. Nilipouliza, nikaambiwa fundi alinakili mchoro wa nyumba ya gesi alioupata mahali fulani. Bila shaka ulikuwa mchoro wa gesi asilia, na kwa gesi asilia angekuwa amefanya vema. Gesi ya mitungi ya kupikia si methani. Ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja haitafuti dari. Hutambaa sakafuni kama maji, huingia mitaroni, hukaa penye shimo ikingoja. Chumba kile kina kizingiti kirefu mlangoni, cha kuzuia maji ya mvua, na kizingiti kinachozuia maji yasiingie ndicho kitakachozuia gesi isitoke. Hatua tatu kutoka pale kuna mtaro wa maji machafu unaopita chini ya bweni.

Harufu yake tutaisikia, mtasema. Harufu hiyo hutiwa kwa makusudi, na chanzo kimoja kikubwa cha desturi hiyo ni shule. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilijaa katika uvungu wa jengo la shule. Mwalimu wa karakana akawasha mashine ya umeme ya kupiga msasa, na karibu watu 300, wengi wao watoto, wakafa. Baada ya hapo Texas ikaweka sheria ya kutia harufu. Lakini harufu huhitaji pua iliyo macho, na saa nane za usiku hapa shuleni pua zote zimelala. Pua nayo huzoea. Mpishi aliyekaa na harufu ndogo tangu asubuhi ni wa mwisho kuisikia.

Nimezungumza na Mwalimu Mkuu na hakukasirika, namshukuru. Kazi yenyewe si kubwa: matundu mawili makubwa sawa na sakafu katika kuta mbili zinazotazamana, yawekwe nondo za kuzuia panya na wezi lakini yasizibwe, kizingiti kiondolewe na maji ya mvua yazuiwe kwa njia nyingine, swichi ya taa ihamishiwe nje, na mtaro ufunikwe na kupelekwa mbali na chumba. Ama iliyo bora zaidi, mitungi itolewe chumbani kabisa, ikae nje ndani ya kizimba cha wavu chini ya paa. Mitungi imefungwa tangu saa tano asubuhi, na chakula mtakachokula sasa hivi kimepikwa kwa kuni zilizokuwa zimebaki nyuma ya karakana. Ndiyo sababu kimechelewa, wala wapishi msiwalaumu.

Miongoni mwetu yumo mhandisi wa ujenzi, wamo wakandarasi wawili, na wa darasa langu mmoja anauza saruji. Nawaomba hao wanne, wakishamaliza kula, wanikute nyuma ya jiko. Na vijana wawili wa Kidato cha Tatu waje pia, wale wenye tabia ya kuuliza. Futi kamba ninayo mfukoni.